Fimbo Zipate Joto Kwanza

Ukumbi wa Tserendorj ulifungwa Januari.
Bomba la joto lilipasuka chini ya sakafu
na kulipokucha meza zote nne zilikuwa zimeota ndevu za barafu.
Tukabaki wanne, fimbo mgongoni,
Ulaanbaatar yote mbele yetu,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.

"Ukumbi ni ukumbi," alisema Oyunbileg,
kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

Wa kwanza, karibu na stesheni ya treni,
taa ilikuwa moja, ya madoido, katikati ya dari.
Kila mpira ulikuwa na mwenziwe mweusi ubavuni.
Nyamsuren alilenga tano, akaingiza kivuli.
Tulilipa saa nzima, tukacheza dakika ishirini.

Wa pili ulikuwa na viti vya ngozi
na muziki unaofika kifuani kabla ya masikioni.
Lakini mchezo huu una sauti zake:
kuna tak, kavu, ya mpira uliopigwa pale pale,
kuna tok, nzito, ya ukingo uliochoka,
kuna kimya kidogo, kama punje ya mtama,
kabla shimo halijameza.
Asiyeyasikia hayo anacheza kwa barua.

Wa tatu, mashimo mapana kama kinywa cha mmbea.
Kila kitu kiliingia. Hata makosa yangu yaliingia.
Dugarjav alishinda mara sita mfululizo,
akalaza fimbo, akasema kwa huzuni:
"Nipelekeni mahali ninapoweza kukosa."

Nina neno kuhusu kitambaa.
Mchezaji hukipapasa kabla hajamsalimu mtu.
Kikichakaa huota njia,
kama mbuzi wanavyochora njia ya kisimani,
na mpira wako utafuata nyayo za jana
hata uuamuru vipi.
Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha mikate,
deni la zamani nalijua kwa vidole.

Wa nne ulikuwa mzuri. Hatukuupenda.
Mhudumu alitazama saa, akatutazama,
akatazama saa.

Wa tano tuliushukia kwa ngazi, nyuma ya duka la fundi viatu.
Harufu ya maandazi ya nyama ya kondoo. Meza tatu tu.
Moja ilikuwa na kadibodi iliyokunjwa chini ya mguu,
na Nyamsuren aliinama, kicheko kikiwa tayari mdomoni.
Akauweka mpira mweupe katikati. Akaachia.
Mpira ukatulia.
Tukausubiri. Ukatulia.

"Kila Jumatatu naipima," alisema mwenye ukumbi,
Pagmadulam, unga ukiwa umempanda hadi viwikoni.
"Jengo linazama upande wa mto."

Tukafungua mifuko. Akainua mkono mweupe:
"Bado! Zimetoka baridini hizo, zitapinda.
Zilazeni pale, mbali kidogo na jiko.
Kunyweni chai. Saa hiyo siihesabu."

Chai ya maziwa, yenye chumvi, bakuli la moto kiganjani.
Meza ya jirani kijana mmoja aliikosa nane nyeusi
iliyokuwa mdomoni mwa shimo kabisa.
Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemfundisha.
Bwana mmoja benchini alikunja tu miguu yake
ili mpinzani apate nafasi ya kiwiko.
Oyunbileg aliliona hilo, nami nikamwona akiliona.

Husemwa mcheza kwao hutuzwa.
Tuzo sijui. Usiku ule nilifungwa michezo minne,
na Dugarjav bado ananidai kifungua kinywa.
Ila nilipoichukua fimbo yangu karibu na jiko
ilikuwa vuguvugu,
kama mkono ulioachwa sasa hivi na mtu mwingine,
na chaki ilikuwepo, nzima,
haijatobolewa hadi chini.