Matundu ya Sindano

Wiki nzima wanakuja na picha kwenye simu:
jezi ya klabu ya Ulaya, nembo ya timu ya shule ya Barka.
"Tunataka mwandiko huu huu, usitubadilishie."
Nami huupata. Ndiyo kazi yangu hapa Wadi Kabir,
mlango wa tatu baada ya fundi wa rejeta.
R naijua kwa mguu wake, G kwa kidevu.
Najua kaf ipi imenyooshwa kwa rula
na ipi imeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Biju hubana pasi sekunde kumi na tano,
tunabandua karatasi, jina la mtoto linabaki mgongoni.

Jumanne akaingia Bi Rayya binti Hilal,
jezi ameifungia ndani ya kanga.
Kijani kilichokwisha kuwa rangi ya majani ya chai,
kitambaa kizito, cha zama ambazo jasho halikupewa njia.
Kifuani: Najm al-Wadi.
Mgongoni, kwa kitambaa kilichoshonewa juu: ٧,
saba ya Kiarabu, mdomo wazi mbinguni.
"Ya marehemu," akasema, kwa Kiswahili cha Wete
ambacho Maskati haijakipunguza hata chembe.
"Wajukuu wanacheza Ijumaa. Nataka kumi na moja,
zote saba."
Nikamwambia refa hatakubali.
"Refa mwanangu."

Nikaipiga picha, nikaipa kompyuta.
Ikaniletea saba arubaini:
moja ya bango la benki, moja ya mizani ya samaki,
moja mabega mapana kama mlinzi wa ubalozi.
Zote jamaa, hakuna ndugu.
Nikaikuza mpaka nyuzi zikawa kamba.
Mkono wa kushoto mnene kuliko wa kulia.
Na chini, pale saba inaposimama kwa kidole kimoja,
haikuchongoka. Imekatwa bapa,
bapa kama paa,
kama kitu kilichozoea kuwa juu.

Hapo ndipo nikayaona matundu.
Msururu wa sindano usio na uzi, nje ya mshono,
umetanua miguu chini, pale saba inapoibana.
Nikaigeuza jezi, pindo juu, ukosi chini.

٨

Nane.
Fundi alifumua kipande, akakipindua, akakishona tena.
Hakupoteza hata upana wa kucha.
Ndiyo maana hakuna fonti iliyokubali:
nilikuwa nikiitafuta saba
kwa uso wa nane aliyesimama kwa kichwa.

Basi nikafanya kosa la wanaojua kazi yao. Nikasema.
"Bibi, hii ilizaliwa nane."

Pasi ikalia. Biju akainua mfuniko, akasahau kuushusha.
Bi Rayya akaitazama jezi, kisha akanitazama mimi,
kama mtu aliyefunguliwa barua yake mwenyewe.

"Nane alikuwa Suweid.
Alikwenda Kuwait, akaacha jezi na deni la riali nne.
Marehemu aliniapia kashonewa mpya, kwa vipimo vyake,
na kwamba fundi alimwita nahodha."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikata:
"Nimeifua miaka thelathini, mwanangu.
Unadhani mwenye kufua hasomi?"

Nikaichora upya, sikuinyoosha.
Mkono mnene ukabaki mnene, ncha ikabaki bapa.
Kompyuta ikataka jina la mwandiko kabla ya kuuhifadhi;
nikaacha kisanduku kitupu, ikagoma,
nikaandika nukta moja, ikakubali.

Kumi na moja, kijani kipya, zikilala mezani bado za moto.
Nikamuuliza: na matundu, niyachape?
Akafikiri, akizipanga noti zake juu ya kioo, moja moja.

"Kwenye ya kipa tu," akasema.
"Ndiye muongo kama babu yake."