Ndoo ya Wifi

Wifi yangu Chizuko ameomba ndoo.
Ndoo nzima, imejaa, na kata yake.
Mama akacheka: jina lenyewe la kwetu,
Chizuko, kama Chilangala, kama Chiwonga,
huyu hakupotea njia, mpeni.

Nikafunua kisima cha sementi uani,
kamba mkononi, roho nzito.
Julai hii. Mvua ya mwisho tumeisahau,
mikorosho imepigwa salfa mpaka imeota mvi,
na yeye anataka maji
akamwoshe marehemu.

Kaka Dadi alieleza, nusu kwa aibu:
kwao Japani mke akipelekwa kwa wakwe
hupelekwa na kwa waliolala.
Huwaoshea jiwe, huwasha udi,
hujitaja jina. Basi.
Sisi tungenyunyiza unga wa mtama, kiganja kimoja,
tukasema yetu, tukarudi kula.

Kaburi la bibi liko nyuma ya mihogo,
sementi imepasuka kama kisigino.
Akapiga magoti na kitenge alichopewa jana,
akasugua kwa dodoki, taratibu,
kama anayemsugua mtu mgongo.
Kata ya kwanza. Ya pili.
Mimi nahesabu.

Maana mimi ndiye niliyeshuka na bibi huyu
bondeni Kitangari, jogoo hajawika,
nikapanda naye kilima, mtungi kichwani,
jani la mkorosho likielea juu maji yasiruke.
Tone likinidondoka begani
alinifinya sikio:
"Hiyo ilikuwa chai ya babu yako."
Alibeba maji mpaka shingo ikaingia mabegani.
Hakuna aliyembebea.

Ya saba. Ya nane.
Nyufa zinakunywa tu.

Chizuko akageuka, Kiswahili chake cha kupimapima:
"Bibi, jina lake la utotoni, nani?"
Nikamtazama mama. Mama akatazama mihogo.
Jina lile liliachwa unyagoni,
akarudi nyumbani anaitwa Somoe,
na waliolijua la kwanza
wamo humu humu, safu ya nyuma, hawana hata sementi.

"Hatujui," nikasema.
Akainamisha kichwa, kama mwenye kosa ni yeye.

Nikaokota ndoo tupu.
Kisimani nikaijaza hadi ukingoni,
nikachuma jani moja la mkorosho,
nikalipangusa salfa kwa upindo wa kanga,
nikaliweka juu ya maji.