Hewa au Chuma

Fomu inauliza: springi za chuma au mifuko ya hewa?
Tairi za nyuma zipinde, au zifuate tu?
Bwana Kaaya wa dukani ananiambia kwa simu
chuma ndiyo raha, unaisikia lami mpaka kwenye mifupa.

Mifupa yangu, sawa.
Nimekaa barazani Njedengwa, daftari la zabibu mapajani:
misimu sita ya Hombolo
inaingia kwenye gari moja lisilonguruma.

Nalitaka ling'ang'anie kona ya Mtumba
kama kupe sikioni mwa ng'ombe.
Nalitaka chini, chini kabisa,
kivuli chake kikose pa kupita.

Halafu kuna Chihanga.
Kilomita nne za barabara yenye mbavu,
korongo, mchanga,
na mama mwenye nyonga mpya ya chuma.

Mwaka jana nilimfuata na gari la kuazima, la namna hii.
Alishika mlango, akachungulia kiti kule shimoni:
"Nyemo, nimekuja kupanda gari
au kushuka kaburini?"

Nikacheka. Nyonga haikucheka.

Bwana Kaaya, andika hewa.
Chuma anacho mama, kinamtosha.
Andika linyanyuke akifika, lisubiri, ndipo lishuke naye taratibu.
Na tairi za nyuma zipinde:
pale uani, kati ya kihenge na banda la kuku,
hata baiskeli hugeuzwa kwa kubebwa.

"Na ule mwendo wa mbio, dada, niufute?"

Uache.
Kurudi nitakuwa peke yangu.