Hoja ya Saba

Mezani, Fresno, kijitabu cha kura
kimelala kati ya chumvi na bili ya maji.
"Mkopo wa mabwawa," anasoma Ofelia,
"bilioni sita, miaka thelathini.
Riba je, atalipa nani?"

Wendell, mkulima wa lozi, anaguna:
"Kisima changu kimekauka tangu Agosti.
Mbona gharama ya ukame hawakuichapisha?"

Kimya.
Chini ya meza mjukuu anahesabu lozi,
akifika sita anasahau, anaanza upya.

Ofelia analamba gundi ya bahasha.
"Ndiyo au hapana?"
"Kura ni siri, mzee."

Anainuka kuteka maji ya chai.
Bomba linakohoa mara mbili
kabla ya kutema tone.