Karani wa Mizani

Trekta hupimwa mara mbili:
ikija imelemewa na miwa,
na ikirudi tupu, matela yakigongana.
Ukitoa cha pili kwenye cha kwanza
unajua mkulima anadai nini.
Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa
hapa langoni mwa kiwanda, Muhoroni,
na sikuwahi kujiuliza
mimi nikishushwa mzigo nitabaki nini.

Nesi Jepkemei ndiye aliyeuliza.
Alinifunga ule mpira wa presha mkononi, ukafyatuka.
Akafunga tena, ukafyatuka.
"Bwana Odindo, jana ulikula nini?"
Nikataja: mkate mweupe, nusu, na majarini,
chai, vijiko vinne,
saa nne soda na smoki mbili,
saa saba tambi za pakiti, maana foleni ilikuwa ndefu,
biskuti za kusubiria jioni.
Akaandika, akaandika, akaweka kalamu.
"Hapo chakula ni kipi?"

Niliondoka nimenuna.
Mtoto wa mkata miwa aambiwe aogope sukari?
Karo yangu ililipwa na panga la baba,
na majivu ya shamba lililochomwa, kooni mwake.
Krismasi alituletea kilo mbili
tukailamba viganjani kama mbuzi na chumvi.

Jioni hiyo Perpetua hakusema neno.
Alikwenda nyuma ya nyumba akachuma osuga,
akaichemsha, akaimwagia maziwa, akaiacha ilale.
Osuga! Jina limejipaka sukari
na uchungu wake unakwaruza ulimi hadi shingoni.

Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma kama cha mlevi.
Chai nikashuka vijiko vitatu, kisha viwili,
kisha nikakwama kwenye kimoja mwezi mzima.
Kijiko hicho kimoja, nakwambia,
kilikuwa kizito kuliko tela.

Wenzangu wakaanza kuitazama suruali yangu:
"Odindo anakonda. Muulizeni kama amepimwa."
Mama mkwe, kule Koru, alipoona nimelipita bakuli la sukari
akamvuta binti yake jikoni:
"Mmefilisika, au mwenzako ana jambo?"
Siku hiyo nikala keki yake, vipande viwili,
na sitaki msamaha wa mtu.

Kila Jumatatu, kabla ya trekta ya kwanza,
nilisimama peke yangu juu ya bamba la chuma.
Mizani ile haikutengenezewa watu:
huruka kilo ishirini ishirini.
Ikasema mia na ishirini.
Machi, mia na ishirini.
Aprili, mvua, mia na ishirini.
Nikala omena, nyoyo, viazi vitamu vyenye udongo bado,
nikanywa maziwa lala, nikaja kazini kwa miguu,
mia na ishirini.
Nilitamani kuipiga teke.
Perpetua akacheka: "Wewe si karani?
Kati ya namba na namba kuna njia,
ila mizani yako haina macho ya kuiona."

Basi nikaendelea. Si kwa ushujaa;
osuga ilikuwa imeanza kuwa tamu,
na soda niliyoionja harusini
ilinikaa mdomoni kama sabuni.

Asubuhi moja ya Septemba,
ukungu wa milima ya Nandi haujainuka,
namba nyekundu zikapepesa,
zikasita kama mtu anayetafuta jina,
zikaandika mia.
Nilimtazama mlinzi. Amelala.
Nikatoa msumari kwenye droo
nikatoboa mkanda tundu la nne.

Dereva wa kwanza alinirushia kipande cha muwa.
Nilikipokea, kwani nani amekataa?
Nikamenya kwa meno, nikatafuna hadi taya likachoka.
Utamu huu angalau hutoza ushuru kabla haujaingia.
Nikatema makapi, nikaandika:
tani kumi na mbili na ushei.
"Pita," nikamwambia.
"Ukirudi tupu ndipo tutajua."