Nyota Mbili na Nusu

Gazeti lilifika saa nne na basi la Dar.
Perisi akalisoma kwa sauti, amekalia kreti la zabibu,
sisi kumi na watatu ndani ya ghala la Kizota,
vyombo vingali kwenye mifuko yake,
kimya kama darasa la saba siku ya matokeo.

Nyota mbili na nusu.
"Hiyo nusu," akauliza mpiga selo, "wameikata upande gani?"

Mhakiki anasema *Jumatatu Njema* imezidi sukari,
fidla nane zinacheka pamoja na hakuna aliyechekesha,
tarumbeta zinapiga kama zinadaiwa.
Hapo Chedego akaitikia kwa kichwa: kweli zinadaiwa,
kodi ya ghala miezi miwili, na mafuta ya jenereta.

Wimbo wa nne ameusifu.
Ameusifia "ujasiri wa ukimya" ubeti wa pili,
sekunde tisa tupu,
"kana kwamba Dodoma nzima imezuia pumzi."
Tukatazamana.
Umeme ulikatika.
Fundi Yoeli alisahau kukiondoa kile kipande,
na anayesikika akikohoa ni mlinzi.

Zeze, anasema, limewekwa kama pambo,
ua la plastiki kwenye meza ya mapokezi.
Ndahani hakujibu. Alilitoa zeze,
akaukaza uzi mmoja, akaulegeza ulipokuwa.
Mimi nadhani hapo mhakiki hakukosea:
tulilizamisha wenyewe chini ya fidla
kwa kuogopa kuitwa washamba.

Kisha wimbo wa saba.
"Furaha isiyo na sababu," kaandika. "Nani anafurahi hivi?"

Lameki tulimzika Mvumi, Alhamisi,
ardhi kavu, sululu zikilia kama zinagonga bati.
Ijumaa ghala lilikuwa limeshalipiwa. Tukaja.
Tuba yake ilikuwa kitini, mdomo juu,
na hakuna aliyethubutu kuihamisha.
Tukapiga mbio kuliko tulivyopanga,
mbio, kila mtu akimkimbia mwenzake asimwone uso,
na ngoma za muheme za akina mama wa Chamwino
zikatushika kwa nyuma, zikakataa tuanguke.
Sikiliza kule chini, pale besi inapotakiwa.
Hakuna kitu. Shimo.
Kila baada ya mapigo manane wimbo unaliruka
kama mtoto anayeruka korongo
akienda shule.

Perisi akakunja gazeti.
Mmoja akasema tumwandikie.
Tumwandikie nini? *Sahihisho: lilikuwa tatizo la umeme*?
Tukacheka hadi mlinzi akachungulia,
akakohoa, nasi tukacheka upya.

Nje upepo ulishaanza kuokota vumbi la mchana.
Tulikula zabibu zilizokataliwa na mnunuzi,
ndogo, kali, za kuuma ulimi,
tukafuta vidole kwenye suruali
na kufungua mifuko.
"Wa saba," akasema Ndahani, "toka juu.
Na leo mnisogeze mbele kidogo.
Kidogo tu. Tuone."