Figa la Tatu

Nilikuwa na maneno yangu ya wageni, nimeyakariri
kama mtoto wa komunyo ya kwanza:
hapa palikuwa lango, pale ghala la baruti,
ukuta ulikwenda hivi, ukarudi hivi,
mizinga ilinguruma toka kilima kile.
Mkono wangu unachora hewani,
maana hewa ndiyo iliyobaki nyingi.

Kisha Alhamisi moja ya manyunyu,
baridi ya Kalenga ikiuma masikio,
akashuka kwenye bodaboda mama mfupi mwenye mvi,
akasema "Kamwene" bila kubabaika.
Alikuwa muuguzi Ilula, enzi za foleni ya sukari.
Kiswahili chake kilibaki huko huko,
bado kinaita watu "ndugu."
Bi Arakaki. Kwao Okinawa.
"Yaani Japani?" nikauliza.
Akautazama mto kidogo.
"Ndiyo, ndugu. Lakini tulikuwa na mfalme wetu."

Hakutaka maneno yangu.
Alichuchumaa penye kipande cha ukuta kilichosalia,
akaweka kiganja kama mtu apimaye homa.

Kwao, alisema, ngome huitwa gusuku.
Kuta za mawe ya matumbawe, hazipendi kona,
zinapinda juu ya vilima
kama shuka kwenye kamba siku ya upepo.
Na Shuri, jumba la wafalme, la vigae vyekundu,
liliungua vitani. Wakalijenga.
Likaungua tena juzi juzi, usiku,
na chanzo hakuna akijuaye.
Alfajiri alisimama barabarani na majirani zake,
wote na nguo za kulalia,
hakuna aliyesema kitu.
Baadaye wakaitwa watu wa kujitolea
kukwangua chokaa kwenye vigae vilivyopona,
kimoja kimoja, vipate kutumika tena.
"Mimi, mia mbili na kumi na saba,"
akanionyesha kucha.

"Liliungua mwezi gani?"
"Wa kumi. Mwishoni."
Nikanyamaza.
Yetu pia ilianguka mwezi wa kumi, mwishoni.

Nami nikampa neno la kwetu: lilinga.
Ngome. Ndimi za wageni ziliteleza, likawa Iringa,
na sasa kila tiketi ya basi, kila gunia la viazi,
kila cheti cha kuzaliwa kimeandikwa ngome,
na hakuna anayeogopa.
Akacheka hadi akashika goti.

Labda ni kicheko kile. Nikamwambia
jambo ambalo sijawahi kumwambia mgeni:
"Jikoni kwa bibi yangu kuna mafiga matatu.
Mawili ya mtoni. La tatu
babu yake alilibeba kutoka hapa, usiku,
majivu yakiwa bado na joto."
Nikangoja aniite mwizi.
Mimi, mlinzi wa ukuta,
nimekula ugali wa ukuta tangu niote meno.

"Kwetu," akasema, "baada ya vita
mawe ya gusuku yalikwenda kujenga barabara.
Magari yanapita juu yake.
Sijasikia aliyeyapikia maharage."

Tukapanda njia ya nyuma, matope yakivuta viatu.
Bibi hakuuliza mgeni ni nani.
Alisukuma kigoda kwa mguu,
akaongeza kuni ya muwati, akapuliza.
"Anataka kuliona figa la ngome," nikasema.
Bibi akayatazama yote matatu,
masizi yale yale, weusi ule ule.
"Hili," akaonyesha kwa mwiko. Akasita.
"Au hili. Mama ndiye aliyelijua."

Basi Bi Arakaki akapiga magoti kwenye moshi
akayagusa, moja baada ya jingine, kwa ncha ya kidole.
La kwanza, kimya.
La pili, kimya.
La tatu likamchoma. "Agaa!"
akarusha mkono, neno la kwao limemtoka lenyewe,
na bibi, asiyejua Okinawa iko upande gani wa mlima,
akatikisa kichwa, akafunika chungu:
"Eee. Ndilo hilo."